Mji usio na mgodi: jinsi Nakuru ilivyofua chuma cha wengine

Mwaka 1883 Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Scotland, alipita Naivasha akielekea Baringo. Wapagazi wake hawakubeba fedha. Walibeba shanga, nguo na mizigo ya seng'enge, yaani waya wa chuma na wa shaba. Waya ndio uliokuwa sarafu ya Bonde la Ufa: ndio uliolipa hongo kwa morani, wapiganaji vijana wa Kimaasai, ili msafara upite, na ndio ulionunua chakula. Leo mkulima wa Njoro au Rongai akitaja seng'enge ana maana ya ua wa shamba lake, na ni wachache wanaokumbuka kwamba neno hilo lilikuwa jina la mali.

Waya ule haukubaki waya. Wanawake waliuzungusha mikononi na shingoni ukawa pambo. Wahunzi waliutia motoni, wakaufua, ukawa mkuki. Hapo ndipo ilipo historia ya metali katika Nakuru. Mji huu haukuzaliwa na mgodi wa chuma, wa shaba wala wa bati. Sehemu kubwa ya metali yake ilifika ikiwa na umbo la kitu kingine, na mafundi wakaigeuza.

Jiwe lilitangulia

Kabla ya chuma, makali ya bonde hili yalikuwa ya kioo cha volkano, jiwe jeusi linalopatikana mlima Eburru na kandokando ya Ziwa Naivasha. Mary Leakey alipoanza kuchimbua Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, mwaka 1937, alikuta zana zilizochongwa kwa jiwe hilo. Linakata kama wembe. Lakini likivunjika limekwisha. Halirudi kuwa kisu. Chuma kilileta jambo ambalo jiwe halikuliweza: kilichovunjika kinarudi motoni na kuzaliwa upya.

Mkono uliopakwa mafuta

Miongoni mwa Wamaasai kazi ya moto ilikuwa ya Ilkunono, jamii ya wahunzi. Waliyeyusha mchanga wenye madini ya chuma kwa makaa, wakipuliza kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na baadaye wakafua waya ulioletwa na misafara ya Waswahili. Walitengwa. Hawakuoana na koo nyingine, na morani aliyepokea sime kutoka kwa mhunzi alijipaka mafuta mkononi kwanza, kwa imani kwamba mtengeneza silaha ana unajisi.

Ni vyema tuseme wazi leo: waliodharauliwa hao ndio waliokuwa wataalamu. Chuma kitupu ni laini na hupinda upesi. Kikipikwa na makaa hufyonza kaboni kidogo, chini ya 2 kwa mia, kikawa chuma cha pua, ambacho wazee wa pwani walikiita feleji kilipokuwa bora. Kaboni ikizidi, chuma hupasuka kikigongwa. Mhunzi hakuwa na mizani wala kipimajoto. Alisoma rangi ya moto na kusikiliza mlio wa nyundo juu ya fuawe. Kuchanganya metali na metali nyingine, au na kitu kama kaboni, ili kupata sifa ambayo metali tupu haina, ndiko kunakoitwa leo kutengeneza aloi. Ilkunono walitengeneza aloi bila kulijua neno hilo.

Reli na boliti zake

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na kugonga Kisumu Desemba 1901. Ilikuwa ya chuma cha pua kutoka ng'ambo. Henry Bessemer alikuwa ameonyesha mwaka 1856 jinsi ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka ili kuchoma kaboni iliyozidi, na tangu hapo chuma cha pua, kilichokuwa ghali, kikaweza kutandazwa maelfu ya kilomita.

Magharibi ya Nakuru, Wanandi waling'oa boliti za reli na kukata waya za telegrafu, wakavigeuza silaha na mapambo. Serikali ya kikoloni iliita wizi. Kwa Wanandi, ambao nchi yao ilikatwa bila ridhaa yao, vilikuwa vita. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Uingereza, tarehe 19 Oktoba 1905, alipotoka kwa mazungumzo ya amani.

Nakuru ilitangazwa mji mwaka 1904, ikakua kwa ajili ya reli na mashamba. Reli na plau, lori na trekta, kila kimoja kilipochakaa kiliacha nyuma lundo la chuma kilichokwisha kuchanganywa kwa ustadi viwandani. Hapo ndipo fundi wa jua kali alipopata mgodi wake.

Springi na pistoni

Fundi wa jua kali hachukui chuma chochote tu. Akitaka panga au patasi, hutafuta springi ya lori. Ana sababu: chuma cha springi kina kaboni kama 0.6 kwa mia, pamoja na manganisi, silikoni au kromiamu, na kikizamishwa kwenye oili kikiwa chekundu huwa kigumu. Kisha hupashwa moto kidogo tena, ili kisivunjike kama kioo. Chuma cha msumari, chenye kaboni haba, hakishiki makali hata kikinolewa mchana kutwa.

Kwa sufuria nzito za kusubu, wasubu hupenda pistoni. Alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Pistoni nyingi zina silikoni kama 12 kwa mia, na mchanganyiko huo huyeyuka karibu nyuzi 577, kisha hutiririka vizuri ndani ya kalibu ya mchanga. Moto wa makaa unautosha.

Mvuke wa Olkaria

Kusini mwa Nakuru mjini, karibu na Naivasha, mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, megawati 15. Huko aloi ina kazi ngumu kuliko zote. Mvuke wa ardhini hupanda na gesi yenye harufu ya yai viza, nayo hula shaba na kupasua chuma. Ajabu ni kwamba chuma cha pua kigumu mno ndicho kinachopasuka kwanza. Kwa hiyo mabomba ya visima hutengenezwa kwa chuma chenye nguvu ya wastani, na mapanga ya tabo (injini inayozungushwa na mvuke) huwekwa kromiamu kama 12 kwa mia, ambayo hujenga utando mwembamba wa kuzuia kutu. Mhunzi wa Ilkunono angeielewa kanuni hii mara moja: kinachofaa hupimwa kwa kazi yake.

Tujue tunachoyeyusha

Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, serikali ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu hadi Mei. Marufuku hayo yalionyesha jinsi riziki za watu wengi zinavyotegemea vyuma hivi. Lakini kuna hatari isiyozima taa, kwa hiyo haitangazwi. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya kupikia vya alumini kutoka nchi 10, Kenya ikiwemo. Baadhi vilitoa risasi, kadimiamu na arseniki ndani ya tindikali hafifu iliyochemshwa kwa kuiga upishi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na haina ladha wala harufu ya kumwonya mama jikoni.

Fundi hana kosa la kutojua kilichomo ndani ya chakavu. Hakuna aliyempa kipimo. Morani wa zamani alijipaka mafuta asishikwe na unajisi wa mhunzi. Sisi tusirudie dharau hiyo. Serikali ya Kaunti ya Nakuru na vyuo vyetu vya ufundi viwape wasubu mahali pa kupima metali kabla haijamwagwa kalibuni. Nawe fundi, vipande vya betri ya gari, lehemu na rangi ya zamani visiingie kamwe kwenye tanuri la sufuria.