Ulinganishaji wa tovuti za makampuni

Ulinganishaji wa tovuti za makampuni ni kazi ya kupima ubora wa tovuti za makampuni makubwa kwa vigezo vilevile, kisha kuzipanga kwa alama. Tovuti inayopimwa ni ile inayoieleza kampuni yenyewe, si duka lake la mtandaoni.

Historia

Nchini Uswidi, kampuni ya Hallvarsson & Halvarsson ilianzisha Webranking mwaka 1997. Mjini London, Bowen Craggs ilianza kutoa orodha yake mwaka 2007 pamoja na gazeti la Financial Times.

Utaratibu

Webranking huwauliza kwanza wawekezaji na wachambuzi wa hisa wanahitaji habari gani. Bowen Craggs ilitumia vigezo vinane: muundo, ujumbe, mawasiliano, na huduma kwa jamii, wawekezaji, waandishi wa habari, watafuta kazi na wateja. Kwa hiyo tovuti yenye picha za kupendeza yaweza kupata alama ndogo ikiwa ripoti ya mwaka haionekani kwa urahisi.

Mipaka

Alama hupima tovuti, si mwenendo wa kampuni. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon, uliokuwa ukiichimbia BP kisima cha mafuta katika Ghuba ya Meksiko, ulilipuka na watu 11 walikufa. Video ya moja kwa moja ya mafuta yaliyovuja chini ya bahari iliwekwa kwenye tovuti ya BP baada ya wabunge wa Marekani kuidai. Hivyo msomaji wa orodha hizi hana budi kuuliza pia ni habari gani kampuni haikuiweka.