Maji ya Kunde Katika Picha

Waswahili walipotaka kutaja rangi ya mtu asiye mweusi sana wala mweupe, walisema kwamba ni wa maji ya kunde. Jina hilo limetoka jikoni. Kunde zikichemshwa, maji yake hugeuka kuwa na rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na wekundu kidogo. Waliobuni jina hilo walikuwa na jicho kali, maana uso wa Mwafrika una wekundu ndani yake, na una nuru mahali mfupa ulipo karibu na ngozi. Mchoraji asiyeyajua hayo huchora kivuli, wala hachori mtu.

Katika insha hii nitaeleza jinsi mashine za kupiga na kuchapa picha zilivyochelewa kuiona rangi hiyo. Nitaonyesha kwamba uwezo wa kuiamua ulikuwa mikononi mwa wapiga picha wetu, kisha ukaenda ng'ambo, na sasa umerudi, hata ukafika katika maduka madogo ya Kisii na Nyamira. Kitu kilichorudi hakina faida ikiwa aliyerudishiwa hajui kukitumia.

Mji wa Kisii wenyewe una jina linalohusu rangi ya watu. Mwaka 1907 Waingereza waliweka boma lao mahali palipoitwa Getembe, katika nchi ambayo majeshi yao yaliishambulia mwaka 1905 na tena mwaka 1908. Wenyeji walipaita Bosongo, yaani mahali pa Wazungu. Serikali hiyo ndiyo iliyoleta kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wanaume wa Kiafrika wakalazimishwa kuchukua karatasi zenye alama za vidole vyao ndani ya kibweta cha bati kilichoning'inia shingoni. Kipande kilijua vidole vya mtu, lakini hakikujua uso wake. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, vitambulisho vya Kenya vilikuja kubeba picha ya mwenyewe. Kwa wazee wengi wa vijijini, picha hiyo ndogo ndiyo ya pekee waliyopata kupigwa maishani. Tuliweke neno hilo akilini, kwa kuwa tutalirudia.

Katika zama za picha nyeusi na nyeupe, mpiga picha alikuwa bwana wa kazi yake tangu mwanzo hata mwisho. Alipiga picha, kisha akaingia katika chumba cha giza. Hapo aliangaza taa kupitia filamu, na nuru ikaanguka juu ya karatasi. Nuru ikizidi, picha huwa nyeusi zaidi. Karatasi ilipotiwa katika dawa, uso ulianza kutokea polepole mbele ya macho yake. Akiona kwamba uso utakuwa mweusi mno, aliirudia kazi, na safari hii alikinga sehemu ile kwa kiganja chake ili nuru isiizidie. Mjini Mombasa N. V. Parekh aliendesha studio ya namna hiyo tangu miaka ya 1940, na huko Lamu Omar Said Bakor alikuwa na studio yake. Watu waliopigwa picha walikuwa majirani na wateja wao. Aliyeamua weusi wa uso alikuwa mtu aliyeuona uso huo mchana, mbele yake, ukicheka.

Kisha ikaja rangi. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa filamu ya Kodachrome mwaka 1935, na kampuni ya Agfa ya Ujerumani ikatoa ya kwake mwaka 1936. Filamu ya rangi ina tabaka tatu: moja huhisi nuru ya buluu, ya pili ya kijani, na ya tatu nyekundu. Kuisafisha si kazi ya beseni na kiganja. Utaratibu uliotolewa na Kodak mwaka 1972, ambao ulienea duniani kote, ulitaka dawa iwe na joto la nyuzi 37.8, bila kupanda wala kushuka ila kwa sehemu ndogo sana ya nyuzi moja. Kazi hiyo ilitaka mashine, na mashine zilitaka mtaji. Basi mpiga picha wa mji mdogo aliyekuwa bwana wa chumba cha giza akawa mpokeaji na mpelekaji wa filamu. Uamuzi wa rangi ulifanywa na mtu asiyemjua yule aliyepigwa picha.

Mtu huyo alipimaje kama rangi ni sawa? Hapa ndipo ilipo habari ambayo kila mwanafunzi wa historia yafaa aijue. Kodak ilipeleka kwa wachapaji picha ya kulinganishia. Ilikuwa picha ya mwanamke wa Kizungu, na wachapaji waliiita kadi ya Shirley, kwa jina la mmoja wa wanawake wa kwanza waliopigwa picha hiyo. Fundi alirekebisha mashine yake mpaka ngozi ya Shirley ikatoka vizuri. Ikisha kutoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imenyooka, na picha za watu wote zikapita humo humo.

Matokeo yake yalionekana katika picha za shule. Mtu mweusi na mtu mweupe wakiketi pamoja, mweupe alionekana na kila mkunjo wa uso wake, lakini mweusi alibaki macho na meno. Wengi walidhani kwamba hiyo ndiyo tabia ya nuru, na kwamba ngozi nyeusi ni ngumu kupigwa picha. Sivyo. Filamu ni dawa zilizochanganywa na wanadamu, na wanadamu hao walichagua ni rangi zipi zitenganishwe vizuri na zipi ziachwe zifanane. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliichunguza habari hii na kuiandika mwaka 2009. Alieleza kwamba miongoni mwa waliolalamika mpaka Kodak ikaangalia upya rangi za hudhurungi walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutofautiana vema katika picha za matangazo. Tafakari jambo hilo, msomaji. Mamilioni ya watu walikuwa na nyuso za hudhurungi, lakini kilio kilichosikika kilikuwa cha mbao na peremende. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kutolewa katika miaka ya 1990.

Katika miaka hiyo hiyo njia nyingine ilikuwa ikifunguka. Kamera ya dijitali haina filamu. Huigeuza nuru kuwa tarakimu. Kila nukta ya picha hupewa tarakimu tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, na aghalabu kila moja huanzia 0 hata 255. Kwa hesabu hiyo zaweza kuandikwa rangi 16,777,216. Lakini tarakimu peke yake si rangi. Ukimwambia mtu kwamba shamba lako lina urefu wa 100, atakuuliza: hatua au mita? Vivyo hivyo tarakimu ile ile hutoa rangi moja katika skrini hii na nyingine katika skrini ile, na katika printa hutoa ya tatu.

Ilihitajika mizani moja ya kupimia rangi zote, na mizani hiyo ilikwisha kupatikana zamani. Nchini Uingereza, wataalamu wawili, W. David Wright na John Guild, waliwapima watu 17 jinsi macho yao yalivyolinganisha rangi, na mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwanga ikaweka kipimo cha rangi juu ya matokeo hayo. Kingali kikitumika. Mwaka 1993 kampuni nane za kompyuta na picha ziliungana kuunda shirika la kimataifa la rangi, ili kila chombo kiwe na faili inayoeleza tabia yake kwa kipimo hicho. Faili hiyo huitwa profaili. Kazi yake ni kama ya mkalimani barazani: skrini husema kwa lugha yake, printa husikia kwa lugha yake, na mkalimani husimama katikati ili neno lisipotee.

Hayo ndiyo yaliyorudisha uamuzi nyumbani. Katika mji wa Kisii, Nyamira, Keroka na Ogembo, kijana mwenye kompyuta na printa hufanya leo kazi iliyotaka maabara kubwa. Lakini akiiacha mashine iamue yenyewe, atakuwa hajaitoa kadi ya Shirley. Ameibadilisha kwa uamuzi mwingine wa watu wa mbali. Hana budi kujua mambo machache.

La kwanza ni kuchagua nahodha. Programu ya picha yaweza kusimamia rangi, na printa nayo yaweza. Zote mbili zikisimamia, picha hurekebishwa mara mbili, na uso wa maji ya kunde hutoka umewiva kama matofali au umepauka kama jivu. Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ukiiachia programu kazi, zima usimamizi wa rangi katika printa. Ukiiachia printa, programu inyamaze.

La pili ni kuitaja karatasi kwa jina lake. Karatasi inayong'aa huushika wino juu, na karatasi isiyong'aa huunywa. Profaili hutengenezwa kwa printa fulani, wino fulani na karatasi fulani. Ukibadili kimoja, mkalimani hukosea lugha.

La tatu ni njia ya kufasiri rangi ambazo printa haiwezi kuzitoa. Skrini hutoa nuru, lakini wino huinyonya, na kwa hiyo baadhi ya rangi kali za skrini hazichapiki. Kuna njia inayozisogeza rangi zote pamoja ili uhusiano wao ubaki, na kuna njia inayoziacha zile zinazochapika kama zilivyo, ikasogeza zile tu zilizozidi mpaka. Picha ya kwaya yenye majoho mekundu makali yaweza kufaidika na njia ya kwanza. Picha ya uso mmoja mara nyingi hufaidika na ya pili. Jaribu zote mbili, ulinganishe.

La nne ni mwanga. Skrini iliyoongezwa mwanga mno humdanganya fundi. Huona uso umeng'aa, kumbe karatasi itatoka nyeusi. Kosa hili huwaumiza weusi kuliko weupe, maana ngozi nyeusi hukaa karibu na giza, na giza likizidi kidogo, mikunjo na nuru ya paji la uso humezwa. Ipunguze skrini, kisha uitazame karatasi iliyokauka karibu na mlango, kwa nuru ya mchana, usiitazame chini ya taa ya dukani.

Tena nchi yetu ina vitu vinavyofaa kuwa kadi yetu wenyewe. Chukua kipande cha jiwe la Tabaka lenye rangi ya kijivu, jani bichi la chai ya Nyamira, na uso wa jirani mwenye rangi ya maji ya kunde, uvipige picha pamoja mchana. Chapa picha hiyo, kisha uilinganishe na vitu vyenyewe kabla jani halijanyauka. Jiwe likielekea kijani au uwaridi, mizani imepinda. Jani likiwa la buluu, mizani imepinda. Uso ukimfanya jirani aulize, "Huyu ni nani?", basi rudi kazini.

Sasa nalirudia neno la kitambulisho. Katika Kisii na Nyamira, kama mahali pengi nchini Kenya, mtu akifa huchapwa kijitabu cha ratiba ya mazishi chenye picha yake, na picha kubwa huchukuliwa mbele ya jeneza. Mara nyingi picha hiyo hukuzwa kutoka katika ile ndogo ya kitambulisho, au hutolewa katika simu ya mjukuu. Ikitoka nyeusi bila sura, watoto wa watoto wake watairithi kama hivyo. Wala hatari haiko upande wa giza tu. Siku hizi zimo programu zinazong'arisha ngozi bila kuulizwa, na wamo mafundi wanaomfanya bibi harusi kuwa mweupe wakidhani kwamba wanampendezesha. Shirley alitupoteza kwa kutotujua. Sisi tunaojuana tutakuwa na udhuru gani?

Picha ni shahidi wa historia, na shahidi hupimwa kwa ukweli wake. Waliotutangulia katika chumba cha giza waliukinga uso kwa kiganja ili usipotee. Kiganja hicho leo ni mstari mmoja wa maandishi katika dirisha la kuchapia, unaouliza ni nani atakayesimamia rangi. Kijana atakayeusoma mstari huo na kuujibu kwa kujua, akamtoa mzee wa Borabu au wa Bobasi kama alivyokuwa, atakuwa amefanya kazi ya mwanahistoria, ingawa bei ya picha hiyo ni shilingi chache.