Manyoya ya Kofiani na Ndege wa Mtini

Mwaka 1886 kijana mmoja mjini New York, Frank Chapman, aliyekuwa na kazi ya benki na mapenzi ya ndege, alitoka alasiri mbili kwenda mitaa ya maduka makubwa ili kuhesabu ndege. Hakuinua macho mitini. Aliyatupia vichwani mwa wanawake waliokuwa wakipita. Alihesabu kofia 700, na kati ya hizo 542 zilikuwa zimepambwa kwa manyoya. Nyingine hazikutosheka na unyoya. Zilibeba ndege mzima, aliyekaushwa na kutandazwa mbawa kana kwamba ndiyo kwanza atue. Katika matembezi hayo mawili Chapman alitambua ndege wa aina 40, wote wafu, wote wakitembea.

Huo ndio ulimwengu uliozaa jambo ninalotaka kulieleza: matembezi ya kikundi, ya kwenda kutazama ndege katika viwanja vya chuo. Leo matembezi hayo yameenea vyuoni kote duniani, na anayeyaona kwa mbali huyadhania kuwa burudani ya watu wasio na haraka. Asili yake haikuwa burudani. Ilikuwa ni hoja, na waliyoitoa ni wasichana.

Chuo chenyewe ni Smith, katika mji wa Northampton, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Kilifunguliwa mwaka 1875 kwa urithi wa bibi mmoja, Sophia Smith, aliyeusia kwamba mali yake ijenge mahali ambapo wanawake watapata elimu sawa na ile waliyopewa wanaume. Mwaka 1882 aliingia hapo msichana aitwaye Florence Merriam, aliyezaliwa mwaka 1863 na kulelewa shambani katika jimbo la New York. Kaka yake, Clinton Hart Merriam, alikuwa mtaalamu wa wanyama. Florence hakufuata masomo ya kawaida ya shahada. Alisoma kama mwanafunzi wa pekee hadi mwaka 1886 akatoka bila cheti, na chuo kilimtunuku shahada yake mwaka 1921, miaka 35 baadaye. Hata hivyo, mwaka 1885, angali mwanafunzi, Jumuiya ya Wataalamu wa Ndege ya Marekani, iliyoasisiwa mwaka 1883, ilimwandika kuwa mwanamke wa kwanza miongoni mwa washirika wake.

Elimu ya ndege ya siku hizo, msomaji afahamu, ilikuwa elimu ya bunduki. Elliott Coues, mmoja wa wakubwa wa fani hiyo, alipoandika mwaka 1874 kitabu cha kuwaongoza wanafunzi, aliitanguliza bunduki mbele ya vyombo vyote. Ndege alijulikana baada ya kuanguka. Alipimwa, akachunwa, akajazwa pamba, akawekwa katika saraka. Kwa hiyo mwanazuoni na mshona kofia, kila mmoja kwa nia yake, walikutana mahali pamoja: wote wawili walimtaka ndege asiyeruka.

Katika biashara ya kofia balaa kubwa lilimwangukia yangeyange. Ndege huyo, ambaye sisi wa pwani humwona kila siku nyuma ya ng'ombe na katika mabonde ya mpunga, ana ndugu zake huko Florida na majimbo ya kusini. Msimu wa kutaga ukifika, baadhi yao huota mgongoni manyoya marefu, meupe, mepesi kama pumzi. Ni vazi la arusi. Wawindaji walilitaka vazi hilo, na kwa kuwa huvaliwa wakati wa kutaga na kulea, waliwaua wazazi juu ya viota vyao, na makinda wakafa kwa njaa na jua. Mwanzoni mwa karne ya ishirini manyoya hayo, uzani kwa uzani, yaliuzwa ghali kuliko dhahabu.

Lawama zote alibebeshwa mwanamke. Magazeti yalimkejeli mvaaji, wahubiri wakamkaripia. Wachache walikumbuka kwamba mwindaji alikuwa mwanamume, tajiri wa manyoya mwanamume, na mwenye meli mwanamume. Mwezi Februari 1886, George Bird Grinnell, mhariri wa gazeti la wapenda uwindaji, aliwaita wasomaji wake waunde jumuiya ya kuwalinda ndege, akaipa jina la Audubon, mchoraji mashuhuri wa ndege. Wito huo ulifika Northampton, na mwezi Machi mwaka huohuo Florence Merriam na mwenzake Fannie Hardy wakaanzisha tawi lake chuoni.

Hapa ndipo busara ya Florence ilipodhihiri. Wanafunzi wenzake nao walivaa manyoya. Angeweza kusimama mbele yao akawaaibisha, kwani hoja za kuaibisha zilikuwa tele na zilikuwa za kweli. Hakufanya hivyo. Aliona, na aliandika baadaye, kwamba kofia zisisemwe sana. Wasichana wachukuliwe nje, wajuane na ndege, na wakishajuana nao hawataweza tena kuwavaa. Ndiyo sera nzima. Kwa maneno ya kwetu, hakutaka kumvua mtu kofia. Alitaka mtu aivue mwenyewe.

Basi wakatoka. Walitoka alfajiri, kabla ya masomo, kwa vikundi, wakazunguka viwanja vya chuo, kingo za mto na vijisitu vya jirani. Hawakuwa na bunduki. Chombo chao kilikuwa darubini ndogo ya mkononi, ile ambayo mabibi wa mjini walikwenda nayo ukumbini ili kuwaona waimbaji jukwaani. Sijui chombo kilichobadilishwa kazi kwa uzuri kuliko hicho. Kilichotengenezwa kwa ajili ya anasa ya usiku kiligeuzwa kuwa jicho la asubuhi, na mwimbaji aliyetazamwa hakuwa na tiketi.

Masika ya mwaka huo walimwalika John Burroughs, mwandishi wa insha aliyependwa mno nchini kwake kwa maandishi yake ya misitu na ndege, akaja kuwaongoza katika matembezi. Jina hili lisipite hivihivi kwa mpenzi wa ushairi. Burroughs alikuwa sahibu wa Walt Whitman, na ndiye aliyeandika mwaka 1867 kitabu cha kwanza juu ya mshairi huyo. Whitman alipokuwa akitunga, mwaka 1865, maombolezo yake ya Rais Abraham Lincoln aliyeuawa, alihitaji sauti ya msiba isiyokuwa ya binadamu. Burroughs alimweleza habari za ndege mmoja wa kahawia, aimbaye pweke katika misitu ya kinamasi, ambaye jina lake la Kiingereza lina maana ya mtawa. Whitman akamchukua ndege huyo akamweka katikati ya shairi lake. Laiti angeandika "ndege" tu, au angemtia ndege wa mapokeo asiyeimba nchini mwake, shairi lile lisingekuwa lilivyo. Mshairi alilia kwa koo la ndege aliyekuwapo kweli, kwa sababu rafiki yake alijua kusikiliza.

Wasichana waliotembea na Burroughs walifunzwa kazi hiyohiyo: kusimama kimya, kutofautisha, kungoja. Matokeo yalionekana upesi. Katika muda wa miezi michache kiasi cha wasichana mia moja walikuwa wameacha kuvaa manyoya. Mtu akijua kwamba yule wa rangi ya buluu hujenga tunduni, na jike lake ndilo hili na dume lake ndilo lile, kisha akamkuta dukani amechomekwa pini, macho yake ni shanga, hahitaji hotuba. Wahenga walisema macho hayana pazia. Nao walioona walishindwa kutoona.

Mwaka 1889 Florence Merriam alitoa kitabu, *Birds Through an Opera-Glass*, akiwa na umri wa miaka 26 au chini kidogo, kwa jina lake mwenyewe, ilhali wanawake wengi wa zama zake walijificha nyuma ya majina ya kiume. Kitabu hicho kiliwaeleza ndege 70 wa kawaida, kwa lugha nyepesi, kwa ajili ya mtu asiye mtaalamu atakaye kumjua ndege aliye hai. Kilieleza ukubwa, rangi, mwendo, kiota na mlio. Wanahistoria wengi hukihesabu kuwa baba wa vitabu vya mfukoni vya kutambulia ndege, ambavyo Roger Tory Peterson alikuja kuvipa umbo lake la leo mwaka 1934. Nami naona kwamba kitabu kile ni matembezi ya Northampton yaliyotiwa jalada.

Tusizidishe sifa. Matembezi peke yake hayakuwaokoa ndege. Jumuiya ya Grinnell ilipata wanachama karibu 50,000, ikamwelemea, na baada ya miaka michache ikavunjika, na kofia zikarudi zilivyokuwa. Harakati zilifufuliwa mwaka 1896 huko Boston na wanawake wawili, Harriet Hemenway na Minna Hall, waliowaendea wenzao kwenye karamu za chai. Sheria ya kwanza ya taifa ya kuzuia biashara ya ndege waliouawa kinyume cha sheria ilipita mwaka 1900. Mwaka 1905, huko Florida, Guy Bradley, mlinzi wa yangeyange, aliuawa kwa risasi akiwa kazini. Sheria kubwa ya kuwalinda ndege wahamao ilikuja mwaka 1918. Miaka 32 imepita hapo tangu alfajiri ya Northampton. Lakini sheria haitungwi na watu wasioona tofauti, na macho yaliyoona tofauti yalifunzwa kwa kutembea.

Fannie Hardy naye ana funzo lake. Baba yake, huko Maine, alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za wanyama na mkusanyaji wa ndege waliokaushwa. Binti alihitimu Smith mwaka 1888, na kwa jina la ndoa, Fannie Hardy Eckstorm, akaandika vitabu viwili vya ndege mwaka 1901. Baadaye aligeukia jambo ambalo kwa juu halihusiani na hilo: alikusanya nyimbo za wakata magogo na mabaharia wa Maine, zilizochapishwa mwaka 1927, na mwaka 1941 akatoa kitabu cha majina ya mahali katika lugha za wenyeji wa asili wa nchi ile. Mimi naona ni kazi moja. Sikio lililozoea kumtambua ndege kwa mlio wake kabla hajaonekana ndilo lililotambua kwamba wimbo wa mchukuzi na jina la kijito navyo vina uhai, navyo vinaweza kutoweka pasi na mtu kujua.

Kwa upande wetu wa dunia desturi hii imeota mizizi. Mjini Nairobi, tangu mwaka 1971, Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi, watu wakikutanika Makumbusho, na wengi walioanza kwa kufuata nyuma wakaishia kuwa waongozaji. Njia ni ileile ya wasichana wa Smith: watu wengi, jicho moja jema la kuanzia, na subira.

Na sisi wa visiwani? Pemba pekee ina aina nne za ndege wasiopatikana popote pengine ulimwenguni: bundi mdogo, ninga, chozi, na kile kidege chenye duara jeupe jichoni. Ninga amejaa katika ushairi wetu. Hapana mpenzi asiyepata kuitwa ninga au njiwa. Je, ni wangapi kati yetu watungao tunaoweza kumtenga ninga na tetere kwa mlio, au kusema ninga hula tunda gani na hukaa mti gani? Lugha yetu ilimpa mlio haki yake zamani. Kitwitwi, hondohondo, ni majina yanayosikika kama sauti. Kigogota amepewa jina kwa kazi yake ya kugogota mti. Walioyaunda majina hayo walikuwa wamesimama wakasikiliza. Sisi tumerithi majina, na kusikiliza tumekuacha njiani.

Hasara ya kuacha si ya mashairi tu. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, aliongezeka akavuka bahari, akaenea pwani nzima, akila mayai na makinda ya ndege wadogo. Asubuhi zetu zina kelele kuliko zamani, na nyimbo chache. Nani atakayesema ni wimbo gani uliokosekana, isipokuwa aliyekuwa akiujua? Ndege asiye na jina hafi. Hukoma tu, wala hapana wa kumlilia.

Vyuo tunavyo, na vingine vina miembe na mikungu mizuri katika viwanja vyao. Vijana tunao, na alfajiri ni ya bure. Anayefundisha ushairi darasani angeweza, mara moja kwa juma, kabla ya jua kukaza, kuwatoa wanafunzi wake nje, asiwahubirie chochote, awaache wajuane na wenyeji wa mitini. Tungo zitakuja baadaye, zikitaka. Florence Merriam alifariki mwaka 1948 akiwa ameacha vitabu vinene na nishani, lakini kipawa chake kikubwa kilikuwa kile cha kwanza: alijua kwamba mtu hamlindi asiyemjua, na kwamba kujuana huanza kwa kutembeleana.