Saa Iliyompima Bayi

Ukipekua orodha za riadha utaikuta rekodi ya Filbert Bayi ya mita 1,500 imeandikwa kwa namna mbili. Huku dakika 3 na sekunde 32.2, kule 3:32.16. Vijana hunijia na simu zao mkononi, kila mmoja akitaka nimthibitishie kuwa mwenzake kadanganywa. Hakuna aliyedanganywa. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, mtambo wa kamera ulisoma 3:32.16. Ila kanuni za wakati ule hazikutambua sehemu za mia katika mbio za urefu huo, na ziada yoyote, hata iwe ndogo vipi, ilipandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata. Kwa hiyo kijana wa Karatu, aliyeongoza tangu bastola ilipolia hadi mstari wa mwisho, aliongezewa sehemu nne za mia kwa kalamu. Hadi mwaka 1981 ndipo rekodi za mbio hizo zilipoanza kuandikwa kwa sehemu za mia.

Nyuma yake siku ile alimaliza John Walker wa New Zealand, 3:32.52, kisha Ben Jipcho wa Kenya, 3:33.16. Rekodi ya dunia waliyoikuta ilikuwa ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, aliyoiweka Los Angeles mwezi Julai 1967. Maana yake Walker naye aliipita rekodi ya zamani, lakini ukisoma orodha ya walioshika rekodi ya dunia ya mita 1,500 humkuti. Orodha ile haina nafasi ya mtu wa pili.

Na Jipcho je? Kwa kutazama tarakimu tu, alimkosa Ryun kwa nukta. Mimi siamini kwamba jambo hilo linaweza kuamuliwa, kwa sababu muda wa Ryun ulipimwa kwa mkono na wa Jipcho kwa mtambo.

Nimeshika saa kwenye mashindano ya shule miaka mingi, kwa hiyo kidole gumba nakijua. Mpima muda anatakiwa abonyeze akiona moshi wa bastola, asingoje mlio. Mwanzo wa mita 1,500 uko ng'ambo ya uwanja kutoka mstari wa kumalizia, na sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Anayengoja mlio huanza amechelewa kama sehemu mbili za kumi, na mkimbiaji anapewa zawadi asiyoiomba. Hata anayetazama moshi huchelewa kidogo, maana jicho lazima liambie kidole. Mwishoni hachelewi vivyo hivyo: anamwona mkimbiaji akija, na kidole humtangulia. Ndiyo maana saa za mkono kwa kawaida hutoa muda mfupi kuliko mtambo. Wapima muda watatu huwekwa kwa mshindi. Saa mbili zikikubaliana, huo ndio muda. Zote zikitofautiana, huchukuliwa ya katikati. Nimeona saa tatu zikitofautiana kwa mtoto mmoja, na sisi watatu tukiwa tumesimama ngazi moja, mabega yakigusana.

Sasa njoo Kingston, Jamaika, tarehe 17 Mei 1975. Bayi alikimbia maili moja kwa 3:51.0. Rekodi ya Ryun ya mwaka 1967 ilikuwa 3:51.1. Tofauti ni sehemu moja ya kumi, zote zikiwa za saa za mkono. Sisemi kwamba Bayi hakuivunja; kanuni iliwahukumu wote wawili kwa kipimo kilekile, na hiyo ni haki. Nasema tu kwamba tofauti ile ni ndogo kuliko uchelewaji wa kidole. Hata hivyo Walker alimaliza ubishi Agosti mwaka huohuo kwa 3:49.4 kule Göteborg.

Watu hufikiri siku hizi matatizo haya yamekwisha kwa kuwa tarakimu hutokea kwenye skrini papo hapo. Tarakimu ile ya kwanza si matokeo rasmi. Saa ya uwanjani husimamishwa na mwali wa mwanga unaokatizwa mstarini, kisha mwamuzi huisoma picha na kutafuta mahali kiwiliwili kilipofika. Usain Bolt mjini Beijing mwaka 2008 alionyeshwa 9.68, na baadaye ikasomwa 9.69. Aliyenakili haraka alibaki na muda ambao haumo katika kitabu chochote cha rekodi.

Ile 3:32.16 ilidumu kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi 2022, Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12 mjini Birmingham. Kwa Tanzania bado ni rekodi ya taifa. Tunaijua vizuri kwa sababu ilitokea mbele ya kamera, ugenini. Mbio za mikoani za miaka hiyohiyo zilipimwa kwa mikono kama yetu na kuandikwa kwenye karatasi, na karatasi huliwa na mchwa. Ukikuta moja ofisini kwa mwalimu au sandukuni kwa mzee, usiitupe. Ipige picha, na ukiinakili usiguse tarakimu zake: andika pembeni uwanja, tarehe, na kama muda ulipimwa kwa mkono au kwa mtambo.