Elikia Amevuka Mpaka

Simama kwenye kivuko cha mpaka cha Grande Barrière asubuhi, upande wa Gisenyi, Ziwa Kivu likiwa kushoto kwako na Goma mbele. Kwenye foleni ya kugonga pasi utasikia Kinyarwanda, Kiswahili na Kilingala vikipishana kabla hujafika dirishani. Maneno huvuka bila kugongewa muhuri. Elikia ni mojawapo: kwa Kilingala ni tumaini. Mwaka 2016 jina hilo alipewa mtoto wa miaka mitano, mwenye ualbino, katika filamu fupi ya Rwanda, A Place for Myself. Anaingia shule ya msingi, wenzake wanamtenga, mama yake anamshikilia asirudi nyuma.

Mwongozaji ni Marie-Clémentine Dusabejambo wa Kigali. Alisomea uhandisi wa elektroniki na mawasiliano. Sinema aliingia mwaka 2008 na kujifunza humo humo kazini. Rwanda yenyewe ilikuwa bado inajifunza. Miaka mitatu kabla, Eric Kabera alikuwa ameanzisha tamasha lililobeba skrini ya kujazwa upepo hadi vijijini, watu wakakaa nyasini kutazama filamu zinazosema Kinyarwanda. Kwa kuwa ni nchi ya vilima, wakaliita Hillywood.

Filamu yake ya kwanza, Lyiza, ya mwaka 2011, ina msichana aliyefiwa na wazazi katika mauaji ya kimbari, ambaye anamtambua mmoja wa waliohusika: ni baba wa mwanafunzi mwenzake. Baadaye ikaja ya Elikia, iliyopata tuzo ya Thomas Sankara kwenye tamasha la filamu la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 2017. Halafu Icyasha, 2018: mvulana wa miaka 12 anataka kuchezea timu ya mtaani, wenzake wanamcheka kwamba ana mambo ya kike. Icyasha ni doa. Ukizipanga hizo tatu unaona jicho lilelile: mtoto amesimama pembeni ya kundi, na kundi ndilo linalochunguzwa.

Watu huingoja filamu ndefu kana kwamba ndiyo ufunguo wa milango. Nchini Marekani, Julie Dash alitoa Daughters of the Dust mwaka 1991, filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke Mmarekani Mweusi kusambazwa katika majumba ya sinema nchini humo. Ungedhani baada ya hapo milango ya studio ingekuwa wazi kwa Dash. Kazi zake nyingi zilizofuata zilikuwa za televisheni. “Wa kwanza” ni cheo kinachong’aa gazetini kuliko benki.

Kwa hiyo sizioni filamu fupi kama mazoezi ya kungojea ile ndefu. Hii ya Elikia imetimia ilivyo. Akiitazama mtu wa Kinshasa, atahitaji kutafsiriwa kila kitu isipokuwa jina la mtoto.