Daraja la Sanaa la Paris

Mgeni avukaye Mto Seine mjini Paris, kutoka jumba la Louvre kwenda Institut de France, aghalabu huambiwa kwamba anakanyaga daraja la kwanza la chuma katika mji ule. Kauli hiyo yahitaji kuchunguzwa.

Daraja hilo, Pont des Arts, yaani Daraja la Sanaa, lilijengwa baina ya mwaka 1801 na 1804 kwa amri ya Napoleon Bonaparte, na wahandisi wake walikuwa Louis-Alexandre de Cessart na Jacques Dillon. Lilikuwa na matao 9 ya chuma cha kusubu. Jina lilitokana na Louvre, ambayo siku zile iliitwa Jumba la Sanaa. Magari ya farasi hayakupita hapo. Mwenda kwa miguu alilipa ushuru wa sou 1, akakuta viti na miti iliyopandwa vyunguni. Basi tangu mwanzo lilikuwa baraza juu ya maji, na wachoraji wakalizoea.

Chuma chake hakikudumu. Mabomu ya vita viwili vikuu na kugongwa mara kwa mara na vyombo vya mtoni vililidhoofisha. Lilifungwa mwaka 1977. Mwaka 1979 tishari likaligonga, na mita 60 hivi zikaanguka. Lililopo leo ni la chuma cha pua na lina matao 7. Lilijengwa mwaka 1981 hadi 1984 kwa ramani ya Louis Arretche.

Je, bado ni daraja lile lile? Tukitazama chuma, sivyo. Tukitazama matumizi, ndivyo. Mwaka 1999 Ousmane Sow wa Senegal alipanga juu yake sanamu zake kubwa za Wanuba, Wamasai, Wazulu na Wafulani, pamoja na zile za vita vya Little Bighorn vya mwaka 1876. Watu zaidi ya milioni 3 walikwenda kuzitazama. Mwaka 2013 Sow alipokewa katika Akademia ya Sanaa, Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia humo. Na makao ya Akademia hiyo ni Institut de France, pale pale daraja linapoishia.

Baadaye wapenzi walizidi kufunga makufuli kwenye kingo zake, hata sehemu ya ukingo ikaanguka mwaka 2014. Mwaka uliofuata yaliondolewa makufuli ya tani 45 hivi, na vioo vikawekwa mahali pa wavu. Hivyo daraja limebadilishwa tena, na watu wangali wanaketi juu yake kama walivyoketi mwaka 1804.