Akiba Haiozi, Lakini Hutekwa: Historia Fupi ya Nakala za Akiba na Programu Tekaji

Utangulizi

Wahenga walisema akiba haiozi. Methali hii tunafundishwa tangu shule ya msingi, na kwa kawaida tunaihusisha na nafaka ghalani au fedha zilizowekwa. Katika insha hii ninaitumia kuhusu akiba ya aina nyingine: nakala za mafaili ya kompyuta ambazo mtu huziweka pembeni ili kompyuta ikiharibika au ikiibwa aweze kurejesha kazi zake. Akiba hii ina adui wake maalumu. Ni programu inayoingia katika kompyuta, ikayafunga mafaili yote kwa msimbo wa siri, kisha ikaonyesha tangazo la kudai kikombozi. Nitaiita programu tekaji, kwa sababu inafanya kazi ya mteka nyara.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba kazi zetu nyingi siku hizi zimo ndani ya kompyuta, na baadhi yake haziwezi kufanywa upya. Mimi, kwa mfano, ninazo rekodi za jaja yangu na wazee wengine wanne hapa Uganda wakisimulia jinsi walivyokisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza, kambini na sokoni. Wawili kati yao wameshafariki. Tasnifu ikipotea mtu anaweza kuiandika tena kwa machozi, lakini sauti ya marehemu hairudiwi.

Hoja ya insha hii ni moja. Tangu mwaka 1989, kadiri watu walivyojifunza kuweka akiba, ndivyo wahalifu walivyojifunza kuiwinda akiba hiyo. Nakala ambayo mtu anaweza kuitegemea ni ile ambayo haijaunganishwa na kompyuta wala mtandao siku ya shambulio.

Disketi za mwaka 1989

Mwezi Desemba 1989, watu na taasisi katika nchi nyingi walipokea kwa posta disketi iliyodai kuwa na taarifa kuhusu UKIMWI. Disketi hizo zilikuwa takriban 20,000, na miongoni mwa waliotumiwa walikuwamo waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu ugonjwa huo. Programu iliyokuwamo ilifanya kazi kama ilivyoahidi: ilimuuliza mtu maswali na kumweleza kiwango chake cha hatari ya kuambukizwa. Lakini kwa siri ilikuwa ikihesabu ni mara ngapi kompyuta imewashwa. Ilipofika mara ya 90 hivi, ilificha folda, ikayavuruga majina ya mafaili, na kumtaka mwenye kompyuta atume dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama.

Aliyeshtakiwa alikuwa Joseph Popp, mwanabiolojia Mmarekani aliyesomea Chuo Kikuu cha Harvard. Jina lake si geni kabisa katika eneo letu, kwani aliwahi kufanya utafiti kuhusu nyani nchini Kenya. Alikamatwa Marekani mwaka 1990 na kupelekwa Uingereza, lakini mwaka 1991 ilionekana kwamba hali yake ya akili haimruhusu kushtakiwa.

Kwa mtazamo wa kihistoria, jambo la kuzingatia ni udhaifu wa programu yenyewe. Ilivuruga majina ya mafaili tu, si yaliyomo ndani, na ufunguo wa kuyarejesha ulikuwa umefichwa ndani ya programu hiyo hiyo. Mtaalamu Jim Bates aliichambua na kutengeneza programu za kuiondoa na kuyarejesha majina. Aliyetulia aliokoa kazi yake. Walioathirika zaidi ni walioshikwa na hofu wakafuta diski zao zote bila kuwa na nakala kwingine.

Kufuli na ufunguo

Udhaifu huo haukudumu. Mwaka 1996, watafiti wawili, Adam Young na Moti Yung, waliwasilisha makala iliyoonyesha namna mhalifu angeweza kutumia usimbaji wenye funguo mbili. Mfano wa kufuli unasaidia kuielewa mbinu hii. Kufuli la kubana linaweza kufungwa na mtu yeyote, lakini kulifungua kunahitaji ufunguo. Mhalifu akituma makufuli tu na kubaki na ufunguo nyumbani kwake, hakuna mtaalamu atakayeupata ufunguo huo kwa kuichambua programu, kwa sababu haumo. Watafiti hao walikuwa wakitoa tahadhari, na tahadhari yao ilitimia.

Mwezi Septemba 2013 ilijitokeza programu iliyoitwa CryptoLocker. Ilisambazwa hasa kwa barua pepe zenye viambatisho vya uongo, ikasimba yaliyomo ndani ya mafaili kwa mbinu ya funguo mbili, na kumpa mtu saa 72 kulipa. Malipo yangeweza kufanywa kwa bitcoin, sarafu ya mtandaoni iliyoanza kutumika mwaka 2009, hivyo mhalifu hakuhitaji tena sanduku la posta. Mwaka 2014 vyombo vya dola vya nchi kadhaa viliuvunja mtandao ulioisambaza, na baadaye funguo nyingi zikapatikana na kutolewa bure. Hata hivyo, waigaji walikuwa wameshaona kwamba biashara hii inalipa.

Akiba yenyewe yawindwa

Hapa ndipo historia ya programu tekaji inapokutana na historia ya akiba. Kabla ya hapo, mtu aliyechomeka diski ya nje kwenye kompyuta yake na kuiacha hapo mwaka mzima alijiona mwangalifu. Kweli alikuwa amejikinga dhidi ya diski ya ndani kufa. Lakini CryptoLocker ilipita katika kila diski iliyopewa herufi ndani ya kompyuta: C, D, E na kuendelea. Diski ya nje iliyochomekwa, flashi na folda za mtandao zilizounganishwa, vyote vilisimbwa pamoja na mafaili ya asili.

Hatua iliyofuata ilikuwa kufuta nakala ambazo mfumo wa Windows hujitunzia kimyakimya. WannaCry, iliyoanza kuenea tarehe 12 Mei 2017, ilifanya hivyo. Ilijisambaza yenyewe bila mtu kufungua kiambatisho chochote, ikashambulia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kuvuruga kazi katika hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa ulioipitisha tangu mwezi Machi mwaka huo. Walioathirika hawakuwa wamekiweka.

Waliojinunulia masanduku ya diski yanayounganishwa na mtandao wa nyumbani nao walifikiwa. Mwezi Agosti 2014, programu iliyoitwa SynoLocker ilishambulia masanduku ya kampuni ya Synology. Mwaka 2021 Qlocker ilishambulia masanduku ya QNAP na kudai bitcoin 0.01, na mwaka 2022 DeadBolt ikadai 0.03. Mashambulio haya hayakuhitaji hata kugusa kompyuta ya mwenye nyumba. Yalipitia intaneti moja kwa moja hadi kwenye sanduku la akiba, kwa sababu wenye masanduku walikuwa wameyafungulia njia ili wayafikie wakiwa safarini. Mwezi Oktoba 2022 polisi wa Uholanzi waliwapiga chenga wahalifu wa DeadBolt: walilipa, wakapokea funguo 155, kisha wakayabatilisha malipo kabla hayajathibitishwa. Ni kisa cha kufurahisha, lakini hakuna anayeweza kupanga maisha yake kwa kutegemea chenga kama hiyo.

Umeme uliokatika Ghana

Ushahidi ulio wazi zaidi wa hoja yangu unatoka katika kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake tunayaona kwenye malori yanayopanda kutoka Mombasa kuja Kampala. Tarehe 27 Juni 2017 programu iliyoitwa NotPetya ilianzia Ukraine na kuenea duniani. Ilidai kikombozi kama tekaji nyingine, lakini kwa hakika ilikuwa ya kuharibu tu. Hata aliyelipa hakuweza kurejeshewa kitu.

Maersk ilikuwa na seva maalumu zipatazo 150 zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, zikiwa zimetawanyika duniani. Kila moja ilikuwa nakala ya nyingine, na zilikuwa zikisawazishana wakati wote. Kampuni iliamini kwamba mpangilio huo unatosha, kwani ni vigumu seva 150 kuungua siku moja. NotPetya ilizifuta zote isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa Ghana, na ilisalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, ikawa nje ya mtandao. Intaneti ya huko haikuwa na kasi ya kutosha kutuma data zake, kwa hiyo diski ilibebwa kwa ndege kupitia Nigeria hadi Uingereza. Kwa msingi wa nakala hiyo, kampuni iliweza kuujenga upya mtandao wake. Mwenyekiti wake alieleza baadaye kwamba seva 4,000 na kompyuta 45,000 ziliwekewa programu upya ndani ya siku 10.

Kisa hiki kinatufundisha tofauti kati ya kusawazisha na kuweka akiba. Vitu viwili vinavyosawazishwa hushiriki pia maafa: faili likisimbwa hapa, linasimbwa na kule. Maersk iliokolewa na bahati. Sisi tunaweza kufanya kwa makusudi kile ambacho umeme wa Ghana ulikifanya kwa ajali.

Funzo kwa mwanafunzi na familia yake

Wapo watakaosema kwamba wahalifu hawana haja na mwanafunzi maskini. Historia niliyoieleza haikubaliani nao. WannaCry haikuchagua tajiri wala maskini. Ilichagua kompyuta isiyo na kiraka. Isitoshe, flashi zetu huchomekwa katika kompyuta za maduka ya kuchapishia ambazo watu wengi huzitumia kila siku.

Kanuni inayojulikana zaidi ni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpigapicha Peter Krogh: nakala tatu za kila kitu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Baada ya historia hii ningeongeza sharti moja: angalau nakala moja iwe imechomolewa. Kwa hali zetu, njia nafuu ni kuwa na diski au flashi mbili za kupokezana. Wiki hii inachomekwa moja, inanakiliwa, inachomolewa na kuwekwa kabatini. Wiki ijayo inatumika nyingine. Zisichomekwe zote mbili kwa wakati mmoja. Kila baada ya muda, moja ipelekwe kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine, ili wizi au moto usizikute pamoja.

Maandishi ni mepesi, kwa hiyo yanaweza pia kuwekwa katika huduma ya mtandaoni bila kumaliza bando. Ni vyema kuchagua inayotunza matoleo ya awali ya faili kwa siku kadhaa, ili toleo lililosimbwa lisifute lililo zima. Mwenye sanduku la diski nyumbani asilifungulie njia ya intaneti, na aweke viraka kila vinapotoka.

Njia hii ina gharama yake. Nakala iliyochomolewa huchakaa: kazi iliyofanywa tangu ichomolewe haimo. Kila mtu ajiulize yuko tayari kurudia kazi ya siku ngapi, kisha apange ratiba yake kwa jibu hilo. Pia nakala ijaribiwe. Faili moja au mawili yafunguliwe kutoka kwenye diski hiyo kila mwezi, maana nakala isiyofunguka si akiba. Na mtu akiona tangazo la kikombozi kwenye kioo, achomoe kwanza waya wa mtandao, na asichomeke diski yake ya akiba mpaka kompyuta imesafishwa kabisa.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba programu tekaji zimepita hatua tatu: kuvuruga majina ya mafaili, kusimba yaliyomo kwa ufunguo usiopatikana, na hatimaye kuzifuata nakala zenyewe popote zilipounganishwa. Akiba haiozi, lakini mlango wa ghala ukiachwa wazi huibwa. Idara zetu zina rekodi, hojaji na tasnifu nyingi zilizo katika kompyuta moja moja. Ninapendekeza kila idara iwe na diski mbili za kupokezana na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kuzichomeka na kuzichomoa. Diski mbili zinanunulika, ila wazee waliorekodiwa hawatasimulia mara ya pili.